Tafi na Malisho Yake ya Baharini



Juma hili safu yetu inamwendea samaki ambaye hapana nyumba ya pwani isiyomjua, naye ni tafi. Akikaangwa huliwa kwa ugali na ndimu, akipakwa nazi huwekwa kando ya wali, na mchuzi wake hupewa mgonjwa aliyeanza kupata nafuu. Hata hivyo, kumla samaki ni jambo moja na kumjua ni jambo jingine. Wengi wetu twaijua ladha ya tafi kuliko tunavyoyajua maisha yake. Hatujui anakulia wapi, anakula nini, wala anazaa katika nyakati zipi.

Kutojua huko kuna gharama. Akina mama wanaonunua kitoweo kila siku wanauliza kwa nini tafi wanaoletwa siku hizi mara nyingi ni wadogo, watatu au wanne wakijaa katika sahani ambayo zamani ilitoshwa na mmoja. Wengine husema bahari imechoka, na wengine husema ni riziki tu, imepungua. Riziki ni ya Mwenyezi Mungu, lakini ametupa na akili ya kutazama sababu. Katika jambo hili sababu zipo, na nyingi zimo katika maisha ya samaki mwenyewe. Basi na tuyafuate maisha hayo hatua kwa hatua.

Jina na nasaba

Sisi wa Kenya twamwita tafi, na ndugu zetu wa Unguja na mrima wa Tanzania humwita tasi. Wako tafi wa aina kadhaa katika maji yetu, lakini yule anayejaa sokoni zaidi ni yule ambaye wataalamu wa viumbe humwita Siganus sutor. Jina hilo alipewa na Valenciennes, mtaalamu wa Kifaransa, mwaka 1835. Neno “sutor” ni la Kilatini, na maana yake ni mshona viatu. Aliyewahi kuchomwa na mwiba wa tafi hataliona jina hilo kuwa geni, kwani msharasi wa mshona viatu huingia namna iyo hiyo.

Sehemu ya kwanza ya jina hilo ina asili iliyo karibu nasi zaidi. Katika karne ya 18 mfalme wa Denmark alituma msafara wa wataalamu uliopita Misri na Bahari ya Shamu hadi Yemen. Miongoni mwao alikuwamo Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, aliyeandika habari za mimea na wanyama wa nchi hizo pamoja na majina yao ya Kiarabu. Alifariki Yemen mwaka 1763, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1775. Humo ndimo neno la Kiarabu “sijan”, jina la samaki wa jamii hii, lilipovikwa vazi la Kilatini na kuwa “Siganus”. Mpaka leo, msomaji aliye na jamaa zake Maskati, Dubai au Bahrain akiwauliza, atasikia kwamba binamu wa tafi wetu huuzwa huko kwa jina la “safi”, na ni kitoweo kipendwacho sana.

Huyu Siganus sutor hapatikani katika bahari zote za dunia. Makao yake ni upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi tu: pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, Komoro, Madagaska, Shelisheli na visiwa jirani. Ni samaki wa nyumbani kwetu, na akitoweka huku hakuna bahari nyingine ya mbali itakayotuletea badala yake.

Umbile lake na silaha zake

Tafi ana mwili ulioshinikwa ubavuni, wenye umbo la yai refu, na mdomo mdogo mbele ya uso uliochongoka kidogo. Kwa uso huo Waingereza wamemfananisha na sungura. Meno yake ni madogo, yamepangana safu moja, na kazi yake ni kukata majani. Magamba yake ni madogo mno, hata mpishi humsafisha bila ya kazi kubwa ya kuparua. Rangi yake ni ya kijivu iliyochanganyika na kijani au hudhurungi, yenye vitone vyeupe vingi. Lakini rangi hiyo haitulii. Usiku unapoingia, au anapoingiwa na hofu, mwili wake hufanya mabaka meusi na meupe, akafanana na majani na mawe aliyojificha ndani yake. Ndiyo sababu tafi aliyekufa mtegoni huonekana kana kwamba si yule aliyekuwa akiogelea. Anaweza kufikia urefu wa sentimita 45, ijapokuwa wa kadiri hiyo ni nadra siku hizi.

Silaha zake ni miiba. Mgongoni ana 13, chini karibu na mkia ana 7, na kila pezi la tumboni lina 2, yaani 4 kwa yote mawili. Jumla ni miiba 24, na yote ina sumu. Mapezi hayo ya tumboni yana ajabu moja: kila moja lina mwiba upande wa nje na mwiba upande wa ndani, na katikati nyuzi laini tatu. Mpangilio huo ndio alama ya jamii nzima ya tafi, na haupatikani kwa samaki wengine.

Sumu yake si ya kuua, lakini maumivu yake ni makali, na huwapata zaidi watoto wanaocheza na samaki jikoni na mama anayesafisha kwa haraka. Miiba huchoma hata samaki akiwa amekwisha kufa. Basi dada au mtoto anayejifunza kupika afundishwe kwanza kuikata miiba yote kwa mkasi au kisu kizito, mgongoni, chini na tumboni, kabla ya kumpasua samaki. Akichomwa, na aoshe jeraha, atoe kipande cha mwiba kama kimebaki, kisha atie kiungo hicho katika maji ya moto yanayovumilika, kadiri ya nyuzi 45, kwa muda wa nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto huivunja sumu hiyo na maumivu hupungua. Maji yajaribiwe kwanza kwa mkono mzima usioumia, kwa sababu mwenye maumivu makali anaweza kujiunguza asitambue. Uvimbe ukizidi, au pumzi ikisumbua, mgonjwa apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Makao yake

Mtu akisimama ufuoni wakati wa maji kupwa, mahali kama Kanamai, Diani au Vipingo, huona mbele yake maji matulivu, na mbali kidogo mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika mwambani. Mwamba huo wa matumbawe unaifuata sehemu kubwa ya pwani yetu, ukikatika pale mito mikubwa kama Tana na Sabaki inapomwaga maji matamu na tope. Yale maji yaliyo baina ya ufuo na mwamba ndiyo nyumba ya tafi, na zulia la nyumba hiyo ni nyasi za bahari.

Hapa tutofautishe mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi. Mwani hauna mizizi ya kweli wala maua. Hushika jiwe au huelea. Nyasi za bahari ni mimea kamili: zina mizizi iliyozama mchangani, zina majani, na hutoa maua na mbegu chini ya maji. Katika pwani ya Kenya zinajulikana aina 12 za nyasi hizo. Mizizi yake huushika mchanga usichukuliwe na mawimbi, na majani yake huwa kificho cha samaki wachanga, kaa na kamba.

Tafi wachanga hukaa humo kwa makundi. Kila mmoja ni mdogo na dhaifu, lakini kundi zima likigeuka kwa pamoja, adui hushindwa kujua amfuate yupi. Wanapokua huanza kuzunguka mbali zaidi, hadi kwenye matumbawe na nje ya mwamba, katika vina vya mita kadhaa hadi makumi ya mita. Mchana hula, usiku hupumzika baina ya majani na mawe. Kwa hiyo maisha ya tafi mmoja yanahitaji nyasi na matumbawe kwa pamoja. Palipoharibika kimoja, samaki huyu amepoteza nusu ya nyumba yake.

Nyasi hizo zina maadui. Tope linaloteremshwa na mito kutoka bara huzifunika na kuzizuilia mwanga wa jua. Nanga zinazoburutwa huzing’oa. Na juya, wavu ule mrefu unaokokotwa hadi ufuoni, hupita juu yake kama fagio, ukizoa samaki, mayai, majani na vyote vilivyomo. Nyasi zilizong’olewa hazirudi kwa msimu mmoja.

Kazi aifanyayo

Samaki wengi tunaowala huwinda viumbe wengine. Tafi hula mimea. Chakula chake ni mwani na majani ya nyasi za bahari, na kwa siku nzima mdomo wake hautulii. Anakula kama mbuzi aliyeachiliwa uwanjani, na ulaji huo ni kazi yenye manufaa makubwa.

Mwani hukua upesi, na tumbawe hukua polepole. Vikiachwa vishindane bila ya mlaji, mwani huufunika mwamba na vitoto vya matumbawe havipati mahali pa kushika. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida, na sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu yakapauka na kufa. Tangu hapo kila mwamba uliojeruhiwa umehitaji samaki walao mwani, ili mahali palipokufa pasigeuke kuwa pori la mwani tu. Tafi ni mmoja wa wafanyakazi hao. Tunapowamaliza, tunaupunguzia mwamba nafasi ya kupona. Na mwamba usipopona, hata mawimbi yanayokula fuo zetu hukosa kizuizi.

Anayetilia shaka nguvu za mdomo mdogo kama huo na atazame yaliyotokea Bahari ya Mediterania. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na viumbe wa Bahari ya Shamu wakapata njia ya kupenya kwenda kaskazini. Aina mbili za jamii ya tafi zilipita humo. Ya kwanza ilionekana huko katika miaka ya 1920, na ya pili katika miaka ya 1950. Miamba ya mashariki ya bahari hiyo haikuzoea walaji wa namna hiyo, na katika sehemu za pwani ya Uturuki misitu ya mwani imelishwa hata miamba ikabaki mitupu. Huko samaki huyu ni mgeni mharibifu. Huku kwetu, penye mizani iliyowekwa tangu zamani baina yake, majani na matumbawe, ni mtumishi. Samaki ni wa jamii moja. Tofauti iko katika mizani.

Uzazi na mwezi

Jamii ya tafi huzaa kwa kufuata mwezi. Msomaji anayehesabu tarehe za mwezi mwandamo atalielewa jambo hili kuliko anayetazama kalenda ya ukutani. Utafiti uliofanywa Msambweni, kusini ya pwani yetu, umeonyesha kwamba tafi waliokomaa hukusanyika mahali maalumu katika miezi ya kaskazi, kuanzia Novemba hadi Februari, na kwamba mikusanyiko hiyo huandamana na mwezi mpevu. Yaani mambo haya hutokea katika siku zilizo karibu na zile siku nyeupe za katikati ya mwezi, ambazo wengi wetu huzifunga. Wavuvi wazee walikuwa wakilijua hilo kabla ya watafiti kufika, na watafiti wenyewe walianza kwa kuwauliza wavuvi. Katika Shelisheli, karibu na kisiwa cha Praslin, mikusanyiko kama hiyo ya samaki huyu huyu imejulikana kwa muda mrefu, na wavuvi huifuata kwa mitego.

Jike aliyekomaa hubeba mayai laki kadhaa. Mayai ya tafi ni madogo na yana unata. Huzama na kushika chini. Vitoto vinavyoanguliwa huchukuliwa na mikondo ya maji kwa majuma machache, na vinavyosalimika hurudi kwenye nyasi za ufuoni kuanza maisha. Wengi mno huliwa njiani, na ndiyo hekima ya wingi wa mayai.

Katika habari hii mna mambo mawili ya kushikwa. La kwanza, jike mkubwa hutoa mayai mengi zaidi sana kuliko jike mdogo aliyeanza kuzaa juzi. Kwa hiyo kumbakiza mkubwa mmoja baharini kuna faida kuliko kubakiza wadogo kadhaa. La pili, samaki wanapokusanyika mahali pamoja kwa siku zile zile za mwezi, wanakuwa rahisi kuvuliwa kuliko wakati mwingine wowote. Mvuvi huyaona mavuno makubwa na kudhani bahari imejaa, kumbe samaki wa eneo zima wamekuja pahali pamoja kutafuta kizazi. Akiwamaliza hapo, amechukua na mtaji pamoja na faida.

Mitego na hesabu

Chombo cha kale cha kumvulia tafi ni lema, ambalo wengine huliita dema: kikapu kilichosukwa kwa fito, chenye mlango unaoingilika kwa urahisi na kutokeka kwa taabu. Mvuvi hulitia mwani ndani kuwa chambo, akalitumbukiza katika nyasi na kulikandamiza kwa mawe, kisha hulirudia baada ya maji kujaa na kupwa. Ni chombo chenye adabu. Halipigi mwamba, haling’oi nyasi, na samaki hutoka humo akiwa hai, hata asiyetakiwa anaweza kurudishwa.

Lakini malema mengi siku hizi yamesukwa kwa matundu madogo, na mtoto wa tafi akiingia hana pa kutokea. Hapo ndipo tunapoirudia ile sahani ya akina mama. Tafi hukua upesi, na kwa muda wa mwaka mmoja hivi hukaribia umri wa kuzaa, akiwa na urefu unaolingana na shibiri ya mtu mzima au kuzidi kidogo. Samaki wa aina nyingine, kama chewa wakubwa, huhitaji miaka mingi kukomaa. Tafi anatuomba subira ya miezi tu. Tufanye hesabu. Samaki akiongezeka urefu mara mbili, huongezeka pia upana na unene kwa kadiri hiyo hiyo, na kwa hiyo uzito wake huwa kadiri ya mara nane. Tafi wa sentimita 15 akiachwa hadi afike sentimita 30, nyama yake ni kama ya wanane wa mwanzo, na huenda amekwisha kuzaa. Wako watakaoliwa na adui kabla ya kufika huko. Hata hivyo aliyebaki humlipa mwenye subira.

Ndugu msomaji, jambo hili halikosi uzito upande wa pili. Samaki wadogo wana wanunuzi wao, nao mara nyingi ni mama karanga, wale akina mama wanaokaanga samaki na kuuza kwa mafungu karibu na nyumba zetu. Tafi mkubwa huchukuliwa na wachuuzi wa hoteli na maduka ya samaki, na bei yake mama karanga haiwezi. Wadogo ndio mtaji wake na ndio karo ya wanawe. Na kwa jirani mwenye kipato kidogo, fungu lile ndilo kitoweo cha nyumba nzima. Anayesimama na kusema samaki wadogo wasiuzwe kabisa kuanzia kesho, na aseme pia watu hao watakula nini kesho hiyo. Bila ya jawabu hilo, maneno yake ni mazuri msikitini na mazito sokoni.

Kwa bahati njema iko njia isiyofunga mlango wa mtu. Hapa hapa pwani ya Kenya watafiti walijaribu kuacha mwanya mwembamba katika ubavu wa lema, ili samaki wachanga na wembamba watoke na waliokomaa wabaki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba samaki waliovuliwa kwa malema hayo walikuwa wakubwa zaidi, na pato la mvuvi likaongezeka badala ya kupungua. Mwanya huo hauhitaji mtambo wala mkopo. Msukaji wa malema anaweza kuuweka siku hiyo hiyo anapoanza kusuka.

Sheria nayo ina sehemu yake. Tangu mwaka 2001 tangazo la serikali limepiga marufuku uvuvi wa juya na wa bunduki za samaki, na kanuni za mwaka 2007 zimevipa vikundi vya usimamizi wa fuo, ambavyo twavijua kwa herufi BMU, uwezo wa kuangalia mambo ya fuo zao. Hata hivyo juya bado hukokotwa katika baadhi ya fuo, mara nyingi na vijana wasio na chombo wala mtaji wa kwenda nje ya mwamba. Kuwafukuza tu hakutoshi. Jamii yenye nguvu ya kuchanga kwa ajili ya arusi na safari haishindwi kuchanga kwa ajili ya ngalawa na mishipi ya vijana wanne au watano.

Vilevile kuna mahali palipotengwa. Hifadhi ya bahari ya Malindi imekuwako tangu 1968, na ya Mombasa tangu 1986. Baadhi ya vijiji navyo vimejiwekea tengefu zao, kama watu wa Kuruwitu walivyofanya. Wako wavuvi wanaoona kwamba hifadhi zimewanyang’anya maji ya babu zao, na lalamiko lao si la kupuuzwa. Lakini na tuuzingatie ushahidi. Watafiti waliowatia alama samaki ndani ya hifadhi za Malindi na Watamu, na kuchapisha habari zao mwaka 2004, walimkuta tafi miongoni mwa samaki wachache waliotoka mara kwa mara na kuvuliwa nje ya mpaka. Wavuvi wa malema nao wanalijua hilo, ndiyo maana utawakuta wamepanga mitego yao karibu kabisa na mstari wa hifadhi ya Mombasa. Hifadhi ni ghala. Kinachofurika ndicho huingia kapuni.

Sokoni na jikoni

Sasa turudi kwa mwenye nyumba. Tafi huharibika tumboni kwanza, kwa sababu majani aliyoyala huendelea kuchacha. Kwa hiyo mtazame macho, yawe angavu na yaliyotuna. Mfunue matamvua, yawe mekundu. Mbonyeze ubavu, nyama irudi mahali pake. Tumbo likiwa limelegea au limepasuka, mwache. Ukifika nyumbani usimweke hivi hivi mpaka jioni. Kata miiba, mpasue, toa matumbo yote pamoja na nyongo bila kuipasua, kisha paka ndimu na chumvi. Harufu ya majani ambayo watu hulalamikia katika tafi, mara nyingi ni harufu ya matumbo yaliyocheleweshwa.

Katika kununua, shibiri yako ni kipimo usichokisahau nyumbani. Mwenye uwezo, na achague tafi aliyeipita shibiri, awaachie wasio na uwezo mafungu madogo mpaka malema yabadilike. Anayeandaa walima na kuagiza samaki kwa mamia, na aagize wakubwa, na mapema, ili mvuvi asilazimike kuzoa kila kilichomo. Na katika miezi ya kaskazi, mwezi ukiwa mpevu, ukiletewa tafi wengi wenye matumbo yaliyojaa mayai, muulize mchuuzi wametoka wapi. Hatusemi asiliwe. Twasema swali hilo likiulizwa na wanunuzi kumi katika soko moja, litafika ufuoni.

Kwa vikundi vya fuo, jambo tunaloliona kuwa jepesi kuanza nalo ni kupumzisha mahali panapojulikana kuwa pa mazazi ya tafi kwa siku chache tu za kila mwezi mpevu, kuanzia Novemba hadi Februari. Maji mengine yote yabaki wazi, na wazee wavuvi wawe ndio wanaopataja mahali hapo, kwa kuwa ujuzi huo ni wao. Ni siku chache katika mwaka mzima, na aliyezoea kuutazama mwezi hahitaji kukumbushwa.

Wazazi nao wana sehemu. Kila siku watoto wetu huletewa sahani, na wachache huambiwa kilichomo. Mkiwa mezani, mwonyesheni mtoto ile miiba 24 kabla haijatupwa, mwelezeni juu ya nyasi, mwamba na mwezi. Mtoto aliyefahamu kwamba kitoweo chake kilikuwa kikilisha mwambani atakuwa mkubwa asiyekubali kuona juya likikokotwa mbele ya macho yake akanyamaza.

Juma lijalo, inshallah, tutamzungumza pweza, ambaye akina mama wa ufuoni humtafuta mashimoni kwa miguu wakati wa bamvua.

Wassalaamu alaykum.